Baridi ya Safu ya Chini

Mama alimpa hedimani, mkuu wa kijiji, kuku wake wa mayai ili tupewe kiwanja katika safu ya chini. Alikuwa ndiye kuku pekee aliyetubakia. Mama alimbeba kwapani kutoka kwenye boma letu la zamani, amemfunga miguu kwa ukamba wa mgomba, na nyuma yetu nyumba zilikuwa zinaungua. Kuhusu nyumba hakusema neno. Njia nzima nilimsikia akilalamika juu ya kuku tu, kwamba ndiyo kwanza ameanza kutaga.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopigana na watu wa msituni. Sisi tuliokaa kwenye miteremko ya juu ya Ruiri, karibu na msitu wa mlima, tuliamriwa kuacha maboma yetu yaliyotawanyika na kujenga kijiji kimoja, nyumba kando ya nyumba, ili watu wa msituni wasipate chakula kwetu. Juu kabisa ya kijiji, kwenye kilima, paliwekwa posti ya mahomgadi, yaani askari wenyeji wa serikali, pamoja na mnara wa magogo na zizi la mbuzi wa watu wote. Kutoka hapo nyumba zilishuka safu baada ya safu hadi bondeni, karibu na kijito.

Kila mtu alitaka kuwa chini. Aliyekaa karibu na posti ndiye aliyeitwa kwanza kuchota maji ya mahomgadi. Ndiye aliyegongewa mlango walipotaka mtu wa kuhoji, na kama alikuwa na binti, watu hawakumalizia sentensi. Mama alikuwa mjane mwenye mabinti watatu, na mimi mkubwa nilikuwa nimeanza kuwa mwanamke. Basi kuku akaenda.

"Huku hata baridi itakuwa kidogo," Mama alituambia siku tuliyoezeka paa. "Hamwoni tumeuacha mlima mbali?"

Nilikubaliana naye, maana hata shuleni nilifundishwa hivyo. Nilisoma hadi darasa la tatu, kisha Baba akaangukiwa na gogo kwenye kiwanda cha mbao, nikabaki nyumbani kumsaidia Mama. Lakini siku ya mlima naikumbuka. Mwalimu aliuchora ubaoni, akapaka chaki nyingi kileleni, akasema kwamba ukipanda unakwenda kwenye baridi na ukishuka unakwenda kwenye joto. Hatukuwa na sababu ya kubisha. Ruiri, chini yetu, kulikuwa na joto kuliko kwetu. Na shangazi yetu, aliyeolewa Mbeere katika nyanda kavu za Embu, alipotutembelea alikuwa akitucheka tulivyojikunyata. Kwao, alisema, watoto hulala bila kujifunika na mbuzi hutafuta kivuli kabla ya uji kuiva.

Kuzunguka kijiji tulichimba handaki. Nasema tulichimba kwa sababu wanaume walikuwa wachache, wengine wamechukuliwa na malori, wengine msituni. Kazi ilikuwa ya wanawake na wasichana. Udongo tuliutupa upande wa ndani, ukawa tuta. Upande wa bondeni ndiko mahomgadi walikokuwa na wasiwasi nako zaidi, kwa sababu mtu angeweza kuja akifuata kijito, kwa hiyo huko tuta lilipandishwa likapita kimo cha mtu mzima, na juu yake tukasimika miti na kujaza miiba hadi sungura asingepenya. Mama alikuwa hodari wa jembe. Sehemu iliyo nyuma ya nyumba yetu aliijenga yeye.

Baridi tuliyoijua ilikuwa ya mwezi wa saba, baridi ya ukungu. Hii ya kijijini ilitujia wakati wa kiangazi, baada ya mvua za mwisho wa mwaka kuisha. Mchana jua liliunguza migongo yetu. Jioni, filimbi ya kuingia ndani ikishapigwa na mbingu ikiwa haina wingu hata moja, ilianza kuingia chini ya mlango. Haikuwa na upepo. Ilikuja polepole, ikajaza sakafu kwanza, kisha kitanda. Asubuhi maji ya kwenye kibuyu nje yalikuwa na ngozi ngumu juu yake, na mdogo wangu wa kati aliivunja kwa kidole akidhani ni kioo.

Mama alianza kukohoa katika baridi ile. Kifua kilimbana siku chache tu.

Kwetu mtu akikaribia kufa alitolewa nje, mauti yasije yakakaa ndani. Akifia ndani, nyumba iliachwa, na moto wa nyumba hiyo haukupelekwa mahali pengine. Hata waliosali kanisani walishika jambo hilo. Lakini Mama alizidiwa baada ya filimbi, na aliyekuwa mnarani alikuwa na amri ya kupiga risasi chochote kinachotembea kati ya nyumba. Alinitazama, akatazama mlango, nikajua anachotaka. Sikufungua. Alifia pale kitandani, kati yangu na ukuta. Na nyumba hatukuruhusiwa kuiacha, kwa sababu viwanja vilikuwa vimehesabiwa.

Tangu siku hiyo watu waliijua sababu ya baridi yetu. Walipopita mlangoni waliharakisha. Jirani yetu alikuwa bibi kizee, mama mzazi wa hedimani mwenyewe. Mwanawe alimpa kiwanja cha chini kama heshima, mbali na kelele za posti, na yeye tangu ahamie hakukanyaga huko juu hata siku moja ila kwa kuhesabiwa. Alikuwa mtu wa maneno.

"Nyanya, na wewe unasikia baridi?" nilimuuliza asubuhi moja.

"Nasikia. Lakini yangu ni ya uzee, mwanangu. Ya kwenu ina mwenyewe."

Nilicheka kwa adabu, kisha nikaingia ndani. Nilikuwa naogopa nyumba ninayolala. Nilimwogopa mama yangu.

Halafu mdogo wetu wa mwisho akaanza kukohoa.

Alikuwa na umri wa kama miaka minne. Kikohozi chake kilikuwa kile kile, kifupi na kikavu, na mwishoni sauti ndogo kama ya mlango unaofunguliwa polepole. Nilipoweka sikio mgongoni mwake nilisikia kitu kikichemka. Nilimlaza katikati yetu, nikamfunika gunia juu ya blanketi, nikakaa nikihesabu pumzi zake. Kila alipochelewa kuvuta nyingine, zangu nazo zilisimama.

Nilipanda hadi posti kuomba pasi ya kumpeleka kwa shangazi, Mbeere, kwenye joto. Niliambiwa pasi hazitolewi kwa kikohozi.

Asubuhi, kabla ya jua kutoka, filimbi ilipigwa na kijiji kizima kikapanda kilimani kuhesabiwa. Nilikuwa nimembeba mtoto mgongoni na nilimsikia akitetemeka. Tulipofika katikati ya kijiji, akaacha kutetemeka. Nilisimama kwa hofu, nikidhani ameishiwa nguvu.

"Dada," alisema sikioni mwangu, "tumetoka majini."

Ndipo nami nikasikia. Uso wangu ulikuwa kwenye hewa nyingine. Nilipiga hatua, kifua kikatoka, kisha magoti. Nyayo ndizo zilizobaki mwisho kwenye baridi. Nilirudi nyuma kidogo, na miguu ikaingia tena ndani yake, kama mtu anayejaribu maji ya mto.

"Unacheza ngoma?" mwanamke mmoja nyuma yangu alifoka. "Tembea, tusije tukapigwa kwa ajili yako!"

Nilitembea. Lakini nilipofika kilimani nilitazama chini. Moshi wa nyumba za juu ulikuwa unapanda. Moshi wa safu zetu za chini haukupanda. Ulitambaa juu ya paa, ukateremka hadi kwenye tuta la udongo, ukagota hapo na kulala, umetanda kama maziwa kwenye bakuli. Paa la nyumba yetu sikuliona.

Siku hiyo yote nilitazama majani ya maboga. Kila mwanamke alikuwa amepanda maboga kando ya nyumba yake. Katika safu za juu yalikuwa mabichi. Katika safu za chini yalikuwa meusi, yamelegea kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Mpaka kati yao ulikata kijiji kizima toka upande hadi upande, na haukuuliza ni nyumba ipi iliyofiwa. Kwa nyanya jirani hakukuwa kumekufa mtu, na maboga yake yalikuwa meusi. Karibu kabisa na posti kulikuwa na nyumba ambayo mwenyewe alirudishwa kutoka kuhojiwa akafia ndani, kisha mkewe akapakiwa kwenye lori. Maboga yake yalikuwa yametambaa hadi kwenye paa, mabichi, hayana wa kuyachuma.

Na nikakumbuka kwamba bonde lile tulilijua kabla ya kijiji. Lilikuwa shamba la maharagwe la ndugu za Baba. Hayakuungua kwa baridi hata kiangazi kimoja. Baridi ya mlima ilikuwa inashuka tangu zamani, kila usiku usio na mawingu, inapita bondeni pamoja na kijito na kwenda zake. Sasa ilishuka ikakuta tuta. Tulikuwa tumeizibia njia kwa majembe yetu, na Mama alikuwa hodari wa jembe.

Nilijua basi kwamba si yeye aliyekuwa akitugandisha. Lakini sikupata nafuu, kwa sababu nilijua pia pa kumpeleka mtoto. Nyumba ile tupu, karibu na posti.

Nilimwambia nyanya kwanza, hata lile neno la mtoto juu ya maji. Alikuwa anamenya viazi, na kisu kikasimama.

"Huko? Kwa hiari yako?"

"Mtoto atakufa hapa, nyanya."

"Na wewe utakuwa nini huko? Utakuwa mke wa bunduki. Watu watasema wewe ndiwe unayepeleka majina." Alitupa kiazi chunguni. "Mimi nimemzaa yule wa huko juu, na siendi kunywa hata maji yake. Mama yako alitoa kuku akuepushe na mlango ule."

"Kuku ndiye aliyetuweka kwenye baridi."

Aliokota kiazi kingine.

Kesho yake baada ya kuhesabiwa nilibaki kilimani. Hedimani alikuwa amekaa kwenye gogo, amevaa kabuti refu la kijeshi, na mahomgadi wawili walikuwa wakiota moto kando yake. Nilimwekea mtoto mkono chini ili nisimwangushe.

"Mzee, naomba ile nyumba tupu."

Alifikiri hakusikia vizuri. Aliponielewa aliwageukia wenzake. "Watu huniletea kuku nisiwaweke hapa. Huyu anataka kuletwa! Wewe umeleta nini?"

"Sina kitu, mzee."

"Labda ameleta mchumba," homgadi mmoja alisema, na wakacheka. Kisha hedimani akaacha kucheka, na wale wengine wakaacha.

"Nani amekutuma? Nani anataka macho karibu na posti?"

Nilikuwa sijalifikiria hilo. Nilikuwa nimeogopa watu wa chini wataniona mchongezi, nikasahau kwamba watu wa juu wataniona jasusi wa msituni. Mwenye nyumba ile alikuwa amefia swali kama hilo.

"Ni baridi, mzee. Huko chini inakaa, haina pa kutokea. Tuta limeiziba."

"Limeziba nini?"

"Baridi. Inateremka kama maji."

"Kwa hiyo nivunje tuta baridi ipite?" alisema. "Na adui naye nimkaribishe chai?"

Walicheka tena, na kicheko hicho kilinipa pumzi. Nilinyoosha mkono. "Tazama moshi, mzee. Tazama maboga."

Alitazama kwa kunidhihaki tu. Halafu akasimama. Kabuti lilimfunguka na hakulifunga. Nilifuata macho yake na nikaona mahali yalipokwenda. Paa la mama yake nalo halikuonekana. Lilikuwa ndani ya bakuli pamoja na letu, kwenye kiwanja alichomchagulia kwa heshima.

"Hamia leo," alisema bila kunitazama. "Ukionekana unazungumza na mtu nje ya tuta, nitakupiga risasi mwenyewe."

Hatukuwa na vitu vingi vya kuhamisha. Kilichonitatiza ni moto. Wa kwetu ulikuwa wa nyumba iliyofiwa, sikuweza kuuchukua. Kwa mahomgadi singeuomba, kwa sababu ningekuwa nimethibitisha kila lililosemwa juu yangu. Nilisimama mlangoni pa nyanya nikiwa na kigae mkononi.

Aliniacha nimesimama. Kisha akaja na makaa, akayaweka kwenye kigae moja moja kwa vidole vyake, kana kwamba hayachomi.

"Mkono wangu unafika hapa mlangoni," alisema. "Miguu haifiki huko."

Nilipanda na moto ule mbele ya kijiji kizima. Hakuna aliyenisalimu. Mwanamke aliyenifokea siku ile alitema mate nilipompita, si juu yangu, kando.

Nyumba ile ilikuwa na joto, na nilikuwa sijawahi kuogopa namna ile. Kati yetu na posti kulikuwa na uzio wa matete tu. Nilisikia watu wakiingizwa. Nilisikia sauti ninazozijua zikiuliza kosa lao ni nini. Nilijifunza kuziba masikio ya wadogo zangu kwa viganja na yangu nikayaacha wazi, ili nijue kama nyayo zinageukia kwetu. Nililala nimevaa nguo zote, gogo nimeliegemeza mlangoni. Asubuhi nilikutana kijitoni na mama wa yule niliyemsikia, naye alinipisha njia kwa woga, kana kwamba mimi ndiye niliyempiga mwanawe. Lakini mdogo wangu alipumua. Ile sauti ya mlango ilipungua, kisha ikabaki ya asubuhi tu, kisha siku moja akaomba kiazi.

Baridi haikuisha. Jioni moja, kabla ya filimbi, nilisikia kikohozi nje, na hakikuwa cha kwetu. Mlangoni alisimama yule mwanamke aliyetema mate, ameshika mtoto wake mkono.

"Nyanya amesema kwako hakuna maji," alisema, akitazama chini.

Nilimwelewa. Nilimwingiza mtoto. Kesho yake alirudi naye na akaja mwingine. Bibi kizee alikuwa akizunguka safu za chini akisikiliza vifua, na kila mtoto aliyemsikia akichemka alimwambia mamake apande naye kwangu. Walifika jua likishuka, wakaondoka kabla ya kuhesabiwa. Mama zao hawakunena nami zaidi ya salamu. Lakini salamu ilirudi.

Kumlaza mtu wa nyumba nyingine lilikuwa kosa, na watu walipigwa kwa kosa hilo. Niliwaambia watoto wakohoe kwenye blanketi. Watoto watakohoaje kwenye blanketi? Tulikuwa tumejipanga kama viazi shimoni, nami karibu na mlango.

Filimbi ilikuwa ndiyo kwanza imepigwa siku mlango uliposukumwa. Gogo lilianguka. Hedimani alisimama pale na tochi, akawaangazia mmoja mmoja.

"Hawa wote ni nani?"

"Ni ndugu zangu, mzee."

Alikuwa akituhesabu kila asubuhi, watatu. Nilisikia meno yangu yakigongana, ndani ya nyumba yenye joto.

"Mama alizaa wengi," mdogo wangu wa mwisho alisema kutoka kwenye blanketi, kwa sauti safi isiyo na mkwaruzo.

Tochi ilimjia usoni, ikakaa, ikaondoka. Ilipita tena juu ya vichwa vyote, hadi ukutani, kama inayotafuta mtu ambaye hayumo.

"Na mama yangu?" hedimani aliuliza. "Hajaja?"

"Amekataa, mzee. Anasema miguu haifiki."

Alizima tochi. Nilikuwa simwoni tena, nilimsikia tu akipumua. Nilingoja kishindo.

"Funga mlango," alisema. "Unaingiza baridi."

Bibi kizee alifariki kiangazi kilichofuata, katika safu ya chini. Alitolewa nje jua likiwa bado juu. Mwanawe alilisimamia hilo mwenyewe.

Tuliporuhusiwa kurudi kwenye mashamba yetu, mvua na ng'ombe walilila tuta taratibu hadi likawa sawa na ardhi. Bondeni wanapanda maharagwe tena, na hayaungui. Mdogo wangu wa mwisho sasa ni nyanya mwenye wajukuu, na akija kunitembelea hulala chumba cha pili. Mbingu ikiwa haina wingu huwa siwahi kusinzia. Naamka, nasimama mlangoni pake bila kuwasha taa, namsikiliza mpaka avute pumzi nyingine.